Swali lililopigiwa makofi

Binti alikuwa amekalia kiti cha mkubwa wa ofisi, kile cha kuzunguka chenye mgongo mrefu. Yuko kidato cha tatu. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi hadi marinda ya sketi yamesimama, na kitambulisho cha siku hiyo kinaning'inia shingoni. Ilikuwa Oktoba, wiki ya Siku ya Mtoto wa Kike, na ofisi moja ya umma ilikubali kumwachia kiti hicho kwa saa chache. Wakuu wa idara walikaa pande mbili za meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye viti vya wageni, pamoja na walimu na watu wa mradi.

Alisoma hotuba yake vizuri sana, bila kukwama popote. Alipomaliza akaiweka karatasi mezani, akauliza jambo ambalo kwenye karatasi halikuwamo.

"Naomba kufahamishwa, ile fedha ya kisima cha shule yetu iliyotajwa mwaka jana, imefikia wapi?"

Watu wakatazamana. Kisha mmoja wa wakubwa akacheka, kicheko cha upendo kabisa, akasema, "Huyu ni waziri mtarajiwa!" Ukumbi mzima ukalipuka makofi. Mshereheshaji akampongeza binti kwa kujiamini kwake, ratiba ikasonga, picha zikapigwa, chakula kikaja.

Hakuna aliyejibu.

Ni wiki kadhaa sasa, na bado nasikia yale makofi. Kinachonikera ni kwamba hayakuwa ya dhihaka. Watu wale walifurahi kwa dhati. Walimwona mtoto wa kike akiongea bila woga mbele ya wakubwa, wakaona kazi imefanikiwa. Binti naye alitabasamu, akarudi kukaa, na kwa muda mfupi hata mimi nilisahau kwamba aliuliza kitu.

Kiti cha saa chache

Nisieleweke vibaya. Mambo haya ya kumkalisha msichana kwenye kiti cha mkubwa yana maana yake. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Desemba 2011 kwamba tarehe 11 Oktoba iwe Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza 2012. Mashirika kama Plan International yakaleta utaratibu huu wa wasichana kushika viti vya mawaziri, mameya na mameneja kwa siku moja, na umeenea nchi nyingi. Kwa binti wa shule ya kata ambaye ofisi ya serikali anaijua kwa kupanga foleni na mama yake kufuatilia cheti cha kuzaliwa, kuingia kwa mlango wa mbele na kupokewa kwa heshima si jambo dogo. Anaona kwamba waliomo mle ndani ni watu tu, wana mafaili, wana simu zinazolia, na mara nyingine hawajui la kufanya.

Lakini kiti kile kinaazimwa bila mamlaka yake. Hakuna barua inayosainiwa siku hiyo. Hakuna kikao kinachoitishwa kesho yake kupitia aliyoyaagiza. Angeamua jambo lolote pale, zuri au baya, lisingemgusa mtu yeyote. Na yeye asingeulizwa na yeyote kwa nini aliamua hivyo.

Sidhani kama uongozi unaota mahali ambapo hakuna anayeulizwa.

Tunapima sauti

Ukipitia ripoti nyingi za miradi ya uongozi kwa wasichana, utakuta dodoso la mwanzo na dodoso la mwisho. Najiamini kuzungumza mbele ya watu: nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika. Asilimia inapanda, mfadhili anaridhika. Wanafundishwa kusimama wima, kutazama watu usoni, kupanga hoja, kufanya mdahalo. Mambo mazuri yote, hasa kwetu ambako msichana analelewa kujibu huku ametazama chini, na akijibu kwa sauti anaambiwa ana kimbelembele.

Ila sauti ni upande mmoja tu wa mazungumzo. Binti wa Oktoba alikuwa nayo tele. Kilichokosekana kilikuwa upande wa pili wa meza. Tukimpa msichana sauti na tusimpe mtu mwenye wajibu wa kumjibu, tunamfundisha kuigiza uongozi, na ataigiza vizuri sana, kwa sababu wasichana wetu ni wepisi wa kujifunza tunachotaka kukiona.

Nimejiuliza sana hapo. Je, ninadai makubwa mno? Ni watoto, wana miaka 15 au 16. Pengine hatua ya kwanza ni kuongea tu, na kujibiwa kutakuja baadaye wakishakua. Kwa siku kadhaa nilijituliza na jibu hilo. Kisha nikakumbuka vitu vinavyolikanusha.

Ugali ukiungua

Septemba 1909, Robert Baden-Powell alikusanya maskauti wake pale Crystal Palace, London. Ulikuwa mpango wa wavulana. Wasichana wakatokea bila mwaliko, wamevaa kiskauti, wakadai nao wamo. Mwaka uliofuata, 1910, likaundwa kundi la Girl Guides chini ya dada yake, Agnes. Tanganyika liliingia 1928. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Nyeri, Kenya, akafariki Januari 1941, na kaburi lake liko pale pale, pamoja na majivu ya mkewe Olave aliyekuwa kiongozi mkuu wa Girl Guides duniani.

Unaweza kuwa na maswali yako kuhusu historia hiyo na ukoloni wake, na mimi ninayo. Lakini kuna jambo moja ambalo wale watu walilipata mapema, nalo ni kikosi kidogo. Wasichana sita hadi wanane, wenye kiongozi wao msichana mwenzao, na kazi ambazo ni zao kweli. Mkiwa kambini, kikosi ndicho kinachochagua mahali pa kusimamisha hema. Mkichagua bondeni na mvua ikanyesha usiku, mnalowa. Mkimpangia kupika mtu asiyejua kusonga, mnakula ugali ulioungua, na kiongozi wa kikosi anaketi katikati ya wenzake wenye njaa wanaomwuliza kwa nini.

Lile swali la "kwa nini", kutoka kwa wenzako, usiku uleule. Hakuna mshereheshaji wa kuligeuza kuwa makofi.

Na wenye umri huo wanaliweza. Wameliweza kwa zaidi ya miaka 100, kwenye mahema, nchi baada ya nchi.

Wanawake wa ngoma

Kuna mfano wa karibu zaidi na sisi, na nashangaa hautumiki kwenye mafunzo yetu. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipokutana na viongozi wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Swali lile liliwaamsha. Bibi Titi Mohamed akakabidhiwa kuongoza upande wa wanawake, na katika miezi michache tu maelfu ya wanawake wa Dar es Salaam wakawa wamechukua kadi.

Wengi tunaisimulia habari hii kama habari ya ujasiri wa mtu mmoja, na ujasiri ulikuwepo. Lakini Bibi Titi alianzia wapi? Alianzia kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa mbele katika ngoma ya Bomba. Vikundi vile vilikuwa na wakubwa wao, michango yao, sare zao, mashindano yao na ugomvi wao. Ndani yake mwanamke alikuwa ameshazoea kushika fedha za wenzake na kuzitolea hesabu, kusuluhisha, kuamua nani aimbe na nani asubiri. TANU haikuwafundisha wanawake wale kuongoza. Iliwakuta wanaongoza.

Hawakuwa wamepitia semina. Walikuwa na mahali ambapo neno lao lilikuwa na uzito na kosa lao lilikuwa na gharama.

Kufuli tatu

Baada ya lile tukio la Oktoba nilikwenda kukaa na kikundi cha wasichana cha kuweka na kukopa katika shule moja ya kata. Alasiri, darasa la kidato cha pili, madawati yamesukumwa ukutani, mabenchi yamepangwa duara. Katikati kuna sanduku la chuma la rangi ya bluu lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wasichana watatu, na mweka hazina si mmoja wao. Asipofika mmoja, sanduku halifunguki.

Ni mtindo uleule wa vikundi vya mama zetu mitaani. Mwenyekiti anaita kwa namba, haiti majina. "Namba nne!" Namba nne anakwenda mbele, anatoa hisa zake, wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, katibu anagonga mihuri kwenye kijitabu na kumrudishia. Aliyechelewa analipa faini kabla hajakaa. Mwenyekiti mwenyewe alichelewa siku ile. Akalipa, na hakuna aliyemwonea aibu.

Kisha ikaja mikopo. Binti mmoja aliomba fedha ya unga na mafuta, akaange maandazi ya kuuza wakati wa likizo. Nilidhani watampa na kumpongeza kwa wazo la biashara. Wakamhoji kama wako benki.

"Ukikaanga yakabaki, utafanyaje?"

"Nitapunguza siku inayofuata."

"Na mvua ikinyesha wiki nzima, watu hawatoki?"

Akafikiri. Akasema hapo hajui.

Wakamkubalia nusu ya alichoomba. Mwenyekiti ndiye aliyetangaza uamuzi, na baadaye nikaambiwa kwamba wale wawili ni marafiki wa dawati moja. Nilimtazama usoni wakati anatangaza. Sauti yake haikuwa ya hotuba. Ilikuwa ndogo, imekauka kidogo, na alirudia kiasi mara mbili ili kisije kikapotoshwa. Jumatatu wangekaa tena dawati lile, na rafiki yake angekuwa bado amenuna.

Nimewahi kukaa kwenye semina nyingi za uongozi. Sijawahi kuona mtu akijifunza kitu kwa uzito ule.

Kabla ya kufunga, fedha zilihesabiwa zote. Mwenyekiti akauliza, "Mfuko wa jamii una shilingi ngapi?" Darasa zima likajibu kwa pamoja, kila mtu akitaja kiasi. Akauliza tena, wakajibu tena. Wanatakiwa wakikariri hadi kikao kijacho, maana kikao kijacho hakianzi mpaka kiasi kilichomo vichwani kilingane na kilichomo sandukuni.

Nilikaa pale nikifikiria kisima. Kwenye ofisi ile swali la fedha iko wapi lilichukuliwa kuwa kioja cha kupendeza. Huku, kwa wasichana wa umri uleule, ndilo swali la kwanza na la mwisho la kila kikao, na anayeulizwa hawezi kucheka.

Maneno ya mwalimu mlezi

Hapo ndipo nilipotaka makala hii iishie. Nilikuwa nimeshaipanga kichwani: acheni viti, leteni masanduku. Tukatoka nje na mwalimu mlezi, tukasimama chini ya mwarobaini tukisubiri bodaboda yangu, nikamweleza habari ya kisima na jinsi nilivyoguswa na wasichana wake.

Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Dada, hawa wakizoea kuuliza hivi, kesho wataniuliza mimi fedha ya chakula."

"Si vizuri, Mwalimu?"

"Vizuri. Ila mimi jibu sina, maana nami sijawahi kupewa." Akanyamaza kidogo. "Wewe jioni hii utapanda basi. Nitakayeitwa ofisini ni mimi."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa ananieleza tu hali ilivyo, kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia yenye tope.

Maneno yale yaliniondolea uhakika niliokuwa nao. Nilikuwa nikiwaza juu ya msichana na mkubwa wa ofisi, basi. Sikuwaza juu ya ngazi yote iliyo katikati: mwalimu, mkuu wa shule, mtendaji wa kata, ofisa wa halmashauri, ambao kila mmoja anangoja jibu kutoka juu yake na hakuzoea kuuliza. Msichana akianza kuuliza chini, swali linapanda na kumkuta mtu ambaye naye hakujibiwa. Ni rahisi kwa mtu huyo kupiga makofi. Pengine ndicho kitu pekee alichoruhusiwa kutoa.

Na kuna nyumbani. Mama mmoja wa pale aliniambia kwamba binti yake tangu ajiunge na kikundi "amekuwa mjuaji." Alimwuliza baba yake mbele ya wageni kwa nini ada ya kaka imelipwa na yake bado. Baba alikasirika, nyumba ikawaka kwa siku kadhaa. Nilimwuliza mama kama anataka binti atolewe kwenye kikundi. Akasema hapana. Ada ililipwa. Lakini aliniomba niwaambie wanaoendesha mradi kwamba wawaite na akina baba, "maana mnatufundishia watoto halafu mnatuachia sisi moto."

Kwa hiyo shaka yangu ikabadilika. Sikujiuliza tena kama wasichana wanaweza kushika mamlaka ya kweli. Nikajiuliza nani anamwandaa mtu atakayeulizwa. Mradi unaomfundisha binti kuuliza kwa miezi sita na usimpe mwalimu wake, baba yake na mtendaji wake hata siku moja ya kufikiri watajibuje, unamtuma mtoto mbele peke yake.

Chumba na watu wanaobaki

Shirika la BRAC liliwahi kuendesha vilabu vya wasichana vijijini, Uganda kuanzia 2008 na baadaye Tanzania. Stadi za maisha, mafunzo ya kazi, michezo, chini ya dada wa kijijini hapohapo aliyewazidi umri kidogo. Watafiti walivifuatilia. Uganda mabadiliko yalikuwa makubwa: mimba za utotoni na ndoa za mapema zilipungua, wasichana wenye kujipatia kipato chao wakaongezeka. Tanzania, mpango uleule, mengi ya matokeo hayo hayakuonekana. Sababu mojawapo iliyotajwa ni rasilimali kubanwa, hata mahali pa kukutania pakawa shida. Ila pale ambapo huduma za fedha ziliunganishwa na kilabu, wasichana walijitokeza zaidi na kuweka akiba zaidi.

Nimelirudia hili mara nyingi. Tunabishana juu ya mada za kitabu cha mafunzo, na kumbe kinachoweza kuamua ni kama kuna chumba ambacho kesho kitakuwa bado ni chao, na kama kuna fedha yao ndani yake.

Na watu. Bibi zetu walikuwa na unyago, na ndani yake kulikuwa na mengi ambayo nisingependa binti yangu afundishwe, ustahimilivu usio na mpaka ukiwa wa kwanza. Lakini mwari alipewa somo wake, mwanamke mmoja anayejulikana, ambaye hata baada ya miaka mingi, ndoa ikiyumba au mtoto akizaliwa, angeitwa na angefika. Miradi yetu inampa msichana mlezi wa miezi 18, kisha namba yake ya simu haipatikani.

CAMFED, shirika linalosomesha wasichana, ambao wako Tanzania tangu 2005, wamelikaribia jambo hili kwa namna ninayoiheshimu. Mabinti waliosomeshwa kwa msaada wao wanarudi shule za kwao kuwaongoza wadogo zao, darasani na hata majumbani kwa wazazi pale mtoto anapoanza kupotea shule. Wanaweza kupata mkopo usio na riba wa kuanzisha biashara, na badala ya riba ya fedha wanatoa muda wao shuleni. Mkopo na wajibu vinakaa pamoja. Na kwa kuwa wanaishi palepale, wanajulikana kwa majina na wanaweza kuulizwa sokoni.

Mahakama ilijibu

Rebeca Gyumi alikuwa kijana wa Femina, wale wenye majarida na vilabu vya Fema mashuleni, miaka kadhaa kabla hajaanzisha shirika la Msichana Initiative. Mwaka 2016 alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana ni 18, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Julai mwaka huohuo mahakama ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Tunapomtaja kwa wasichana, tunawaambia ni jasiri, na Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo yake ya haki za binadamu 2018. Mimi siku hizi nawaambia jambo jingine. Nawaambia alikwenda mahali ambapo kwa sheria anayeulizwa lazima ajibu, kwa maandishi, ndani ya muda. Mahakama isingeweza kumsifia kwa kujiamini na kuendelea na ratiba. Hata upande wa pili ulipotaka kumkatalia, ilibidi utoe sababu, na sababu hizo zikapimwa. Na baada ya ushindi wote huo, marekebisho yenyewe yaliachwa mikononi mwa wengine, mwaka mmoja waliopewa ukapita, miaka ikafuatia. Hilo nalo nawaambia. Wakikua wakidhani hukumu ndiyo mwisho wa safari, tutakuwa tumewadanganya.

Binti wa Oktoba nilimtafuta kupitia shule yake. Kuhusu kisima bado hajajibiwa. Nilimwuliza kama yale makofi yalimkera kama yalivyonikera mimi. Akasema siku ile alifurahi, akaja kukasirika usiku bwenini. Nikamshauri aandike barua, kupitia kwa mkuu wa shule, kwa ofisi ileile, ya aya moja, yenye tarehe, na abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Ameiandika. Nakala anayo.

Na wale wa sanduku la bluu hawakukaa kimya. Mwalimu mlezi, yuleyule aliyenieleza habari ya kuitwa ofisini, alipeleka ombi lao kwa mkuu wa shule kwa saini yake mwenyewe juu ya zao: mapato na matumizi ya michango ya chakula yasomwe mbele ya wanafunzi. Mkuu wa shule hakukubali, wala hakukataa. Alisema wasichana wawili waingie kwenye kamati ya chakula kama waalikwa, bila kura.

Mwalimu alinisimulia kwa simu walivyobishana. Wengine walisema kukaa bila kura ni kupewa kiti cha kupigia picha, bora wakatae. Wengine wakasema hapana, angalau tutaona daftari la stoo, tujue magunia yanaingia mangapi. Mabishano yakavuka muda wa kikao, wakalipishana faini, wakaendelea. Mwishowe wakapiga kura: waende, lakini kwa sharti kwamba daftari wapewe siku moja kabla ya kikao, ili wasilisome kwa mara ya kwanza mbele ya watu wazima wanaolijua. Wamewateua wawili. Mmoja ni yule wa maandazi, kwa sababu, walisema, anajua bei ya unga na mafuta kuliko wote.

Barua ya sharti imeshapelekwa. Mkuu wa shule ameomba apewe hadi Ijumaa.